Kambi Katikati ya Mji

Katika mji wa Ginowan, kisiwani Okinawa, Ujapani, kambi ya Futenma ya Marekani imetwaa takriban robo ya ardhi, nayo iko papo hapo katikati, hata raia aendaye upande wa pili hana budi kuuzunguka ua wote, ijapokuwa ana mgonjwa garini. Mwaka 1996 dola mbili hizo ziliafikiana kwamba ardhi hiyo irejeshwe ndani ya miaka 5 hadi 7. Ahadi, kama ilivyo aghalabu desturi ya wakubwa, haikutimia. Lakini kule Naha, mji mwingine wa Okinawa, ardhi ya kijeshi iliyorejeshwa mwaka 1987 leo ni mtaa wa Omoromachi, wenye njia pana na maduka. Maadamu askari wangalipo Futenma, insafu yataka wenyeji washirikishwe katika mashauri ya barabara kabla ramani hazijapigwa muhuri.