Wageni wa Karai la Maji

Tangu Januari hata mwisho wa Machi jua la Garissa halina huruma. Ifikapo saa saba mchana mbuzi huacha malisho wakajilaza chini ya migunga, nasi makarani hutoka ofisini mashati yakiwa yameganda migongoni. Saa hiyo ndipo nipendapo kukaa kibarazani, nikitazama karai langu la maji lililo kivulini.

Karai hilo lilizua maneno nyumbani. Mwaka wa 2021 mvua za vuli hazikunyesha, na maji yetu tuliyanunua kwa mwenye mkokoteni wa punda. Mama watoto aliponiona nikimimina, akasema: "Baba watoto, watu wanahesabu vikombe, nawe wanywesha ndege?" Sikuwa na jibu. Tukapatana nitumie maji yaliyooshea mchele.

Disemba hiyo twiga sita walikufa huko Sabuli, Wajir. Walikuwa wamedhoofika kwa njaa na kiu, wakanasa katika matope ya bwawa lililokaribia kukauka. Tuliiona picha yao, wamelala pamoja mchangani. Mama watoto hakusema neno, lakini kesho yake nilikuta karai limekwisha jazwa.

Wa kwanza kufika ni kwenzi, wenye migongo ya buluu na kelele kama soko la mifugo. Njiwa hungoja zamu yao, midomo wazi, koo zikitetemeka. Zamani nilidhani ni wagonjwa. Kumbe ndege hatoki jasho. Hupoza mwili kwa mvuke utokao kooni, na kwa njia hiyo hupoteza maji ambayo sharti ayarudishe. Korongo yule mkubwa mwenye upara, atembeaye jaani kama mzee wa baraza, ana dawa nyingine: hujinyea miguuni, na umajimaji ule ukikauka hupunguza joto. Msimcheke. Jasho letu hufanya kazi iyo hiyo.

Anishangazaye kupita wote hafiki kwangu, naye ni firigogo. Dume huenda majini akalowesha manyoya ya tumbo, kisha huruka nayo mpaka nyikani, makinda wakayafyonza. Mwingereza Meade-Waldo alieleza jambo hilo mwaka 1896, na wako wataalamu waliokana, hata Cade na Maclean walipolithibitisha katika Kalahari mwaka 1967.

Atakaye kujaribu karai aweke jiwe katikati, ndege wadogo wasije wakazama, na abadili maji kila siku.

Kwangu limebaki shauri moja. Mwanangu ameona kwamba njiwa wa karai wamenona, akatengeneza manati. Nimemnyang'anya mbili. Jana nimeikuta ya tatu chini ya mto wake wa kulalia.