Daftari la wiki: Ali aliegemea kamba kwa hiari yake

Jumatatu

Tulisimama kando ya barabara ya Rutshuru, pale Kibumba, mimi na mgeni wa shirika moja la misaada, tukiwatazama vijana wa chukudu wakianza safari ya kuteremka Goma. Kwa msomaji wa Tanga au Mombasa asiyeijua, chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na injini wala pedali. Fremu ni ya mkaratusi, na magurudumu yake, ya mbao pia, huvishwa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Kibumba iko juu, Goma iko chini ziwani, kwa hiyo kwenda mjini ni mteremko. Kijana hupiga goti moja juu ya kipande cha godoro kilichofungwa kwenye ubao, mguu wa pili akiuacha wazi ili akanyagie kipande cha mpira kinachobana gurudumu la nyuma. Breki ndiyo hiyo. Mbele yake kuna magunia ya shu (kabichi), viazi na karoti, na mzigo wa kilo mia mbili au mia tatu haumshangazi mtu. Kurudi ni kusukuma mlima mzima kwa miguu, au kujishikiza nyuma ya lori, na huko kwenye malori ndiko wengi wanakovunjikia miguu.

Mgeni akatikisa kichwa kwa mapenzi kabisa. "Watu wenu wana uvumilivu wa ajabu," akasema.

Niliitikia kwa adabu, maana mgeni hagombwi barabarani. Lakini neno lile limenikwama kooni wiki nzima.

Jumanne

Nikiudhika mimi hurudi kwenye masumbwi. Jana usiku nilitazama tena, kwenye simu, pambano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974. Mobutu alitaka dunia iitazame Zaire, kwa hiyo Muhammad Ali na George Foreman wakaahidiwa dola milioni tano kila mmoja, na ngumi zikaanza yapata saa kumi za alfajiri ili Wamarekani wapate kuona kwenye sinema zao usiku. Foreman alikuwa na miaka 25, mapambano 40, hajapoteza hata moja, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa nokauti. Ali alikuwa na 32, na wengi waliamini amekwisha.

Kila mtu anajua kilichofuata. Kuanzia raundi ya pili Ali alijilaza kwenye kamba, mikono usoni, akaachia mbavu na viwiko vipokee ngumi. Foreman akapiga mpaka mabega yakawa mazito. Raundi ya nane Ali akatoka kwenye kamba na kumwangusha.

Tangu siku hiyo kila anayepigwa na kunyamaza husifiwa kwamba anafanya alivyofanya Ali. Nimesikia mahubiri juu ya kamba zile. Nimemsikia hata mwanasiasa mmoja akiwaambia watu waliolala chini ya maturubai kule kambini Kanyaruchinya kwamba nchi yetu iko kwenye kamba kama Ali na raundi ya nane inakuja. Watu walipiga makofi. Sijui ni nani alianza.

Angalieni vizuri basi. Ali alizichagua kamba zile mwenyewe, na akachagua raundi ya kuziegemea. Kila baada ya dakika tatu kengele ililia akapewa kiti, maji na taulo. Kulikuwa na refa wa kusimamisha pambano na daktari chini ya ulingo. Ngumi zilihesabiwa. Kiunoni na chini ya hapo hazikuruhusiwa. Na alikuwa na mpinzani mmoja tu, anayemwona, aliyekubali kupanda naye. Mwanamke wa Kibumba aliyefungasha magodoro na sufuria akiwakimbia waasi wa M23 mwaka 2012, akafungasha tena 2022, ni kamba gani aliyoichagua?

Ukimwita mtu mvumilivu, umeshamwondolea haki ya kulalamika.

Jumatano

Mvua imenyesha. Hapa kila bati lina mfereji unaoelekea kwenye pipa, kwa sababu Kibumba haina mto. Udongo wetu ni jiwe la volkano, linanyonya maji yote kabla hujainama kuyateka. Shu zinastawi kwa ukungu na mvua, wakati watu wanatafuta dumu moja la maji ya kunywa.

Mwaka 1994 jambo hilo liliua. Katikati ya Julai mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka kwa siku chache, na Kibumba ikageuka kambi, mojawapo ya zile kubwa. Maji yalikuwa chini Goma. Yalisafishwa ziwani, yakapakiwa kwenye magari ya tangi na kupandishwa, na hayakutosha. Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 20. Ndani ya mwezi wa kwanza wakimbizi karibu 50,000 walikufa katika kambi za eneo la Goma, kwa kipindupindu na kuhara damu. Jembe halikuweza kufungua kaburi kwenye lava, ikabidi wanajeshi wa Ufaransa walete matingatinga.

Siku zilezile, tarehe 24 Julai 1994, bondia Mkenya Robert Wangila alifariki Las Vegas kwa majeraha ya ulingoni. Huyu ndiye aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988. Magazeti ya Nairobi yalimlilia, na haki yake. Mtu angeweza kuuliza: refa alichelewa? Bondia aliumia kichwa wapi, raundi ya ngapi? Kifo cha ulingoni kina namna hiyo, kina watu wa kuulizwa. Nimejaribu kufikiria maswali ya namna ile juu ya Kibumba, mtu anasimama na kuuliza nani alichelewa, saa ngapi, gari la tangi la ngapi. Kuna ripoti, ndiyo. Zimeandikwa na madaktari hodari, kwa ajili ya madaktari wengine.

Alhamisi

Mzee anayeuza betri na kadi za simu karibu na soko ana muziki ambao vijana wake hawautaki. Leo alikuwa na Mwenda Jean Bosco, gitaa la Katanga, kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na bado ukisikiliza "Masanga" unaapa wako wawili. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi, na tangu hapo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanaumiza vidole kumwiga. Nikamwambia mzee kwamba mtu huyo alifika mpaka Nairobi na kupendwa. "Najua," akasema, "hata mimi nilikuwa na redio." Nikanunua betri.

Tukahamia kwenye inanga. Huku Maziwa Makuu ina majina mengi. Wanyarwanda na Warundi husema inanga, Bashi wa kusini mwa Kivu husema lulanga, na Wahaya kule Bukoba wana enanga yao. Ni ubao mpana uliochimbwa katikati, wenye meno pande zote mbili, na uzi mmoja tu unaokwenda na kurudi, jino kwa jino, mpaka unakuwa nyuzi saba au nane. Huko Burundi mpigaji huimba kwa kunong'ona, kiasi kwamba lazima usogee. Babu zetu walipenda hivyo. Mwimbaji alimsifu chifu, akasifu ng'ombe wake mmoja mmoja, na katikati ya pembe na mabaka akapitisha lawama. Chifu alisikia, akajifanya hakusikia, na mwimbaji akalala nyumbani kwake.

Delcat Idengo hakuwa na subira ya namna hiyo. Mtoto huyu wa upande wa Beni aliimba wazi, kwa Kiswahili cha mtaani, akitaja anayemtaja. Chini ya serikali ya Kinshasa mahakama ya kijeshi ilimfunga kwa nyimbo zake. Akatoka, akaimba, akakamatwa tena na kupelekwa gereza la Munzenze. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 gereza lilifunguka naye akatoka na wengine, na wimbo alioutoa baada ya hapo uliwahusu wakubwa wapya. Tarehe 13 Februari, akirekodi klipu yake mtaani Goma, alipigwa risasi akafa.

Sisemi kwamba mafumbo ni woga. Nimelelewa kwa mafumbo, na hata daftari hili msomaji mjanja ataona lina pembe na mabaka yake. Lakini nadhani tuliwasifu mno wazee wa inanga kwa hekima yao, tukasahau kwamba chifu naye alikuwa na sehemu yake katika mapatano yale. Alikubali kulaumiwa kwa kunong'onezwa. Siku hizi ukinong'ona hakuna anayesogea, na ukipaza sauti wanasogea watu wengine.

Ijumaa

Habari. Nairobi, Luanda, Doha, Washington: mtoto wa shule ya msingi hapa anaweza kujifunza jiografia kwa mikataba. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani Washington. Tarehe 4 Desemba marais wenyewe wakatia sahihi mbele ya Trump. Tarehe 10 Desemba Uvira ikaanguka mikononi mwa M23. Mimi si mpinzani wa mikataba. Ila Kibumba tuna uzoefu nayo, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kukabidhiwa kwa sherehe. Tarehe 23 Desemba 2022 M23 walikabidhi Kibumba kwa jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kamera zikiwapo, hotuba zikiwapo, Krismasi ikiwa keshokutwa. Oktoba 2023 mabomu yalikuwa yanaanguka tena kwenye mashamba, na Desemba jeshi la Jumuiya likaanza kufunga virago.

Nina kipimo changu, na nimekitumia kwa miaka bila kujuta sana. Mkataba ukitangazwa, nauliza mambo mawili: kati ya Kibumba na Goma kijana wa chukudu anasimamishwa kwenye bariera ngapi, na mama anayenunua shu shambani anazilipa kwa pesa ipi. Tangu benki zilipofunga milango Januari 2025, noti zimechoka. Faranga iliyopasuka kidogo kwenye kona inakataliwa, iliyogundishwa inakataliwa kwa matusi, na mama wa soko huinua noti juani na kuikagua kwa muda mrefu kuliko anavyokagua shu. Leo nilimwona mmoja akirudisha noti ileile kwa mteja yuleyule mara mbili, mteja alipojaribu kuipenyeza tena katikati ya rundo. Wakacheka wote wawili. Hakuuza.

Njiani kurudi tulipita Antena Tatu, kwenye barabara hiyohiyo ya Rutshuru. Ni hapo balozi wa Italia, Luca Attanasio, alipouawa tarehe 22 Februari 2021, pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo. Dereva wetu alipunguza mwendo, akataja jina la Milambo peke yake, akaongeza mwendo.

Jumamosi

Asubuhi Goma, mazoezini. Mtu wa masumbwi akisema Goma, jina linalofuata ni Kibomango. Balezi Bagunda, aliyekuwa askari akiwa mtoto, akapoteza jicho moja vitani, akawa bondia, kisha kocha wa klabu ya Amitié, akikusanya watoto wa mtaani na wale waliotoka msituni na bunduki. Bondia wa jicho moja ana upande mzima ambao ngumi hutokea bila taarifa. Lazima ageuze kichwa mapema, asogeze mguu kabla ya kuona. Nimewatazama vijana waliofundwa namna hiyo, wanageuza vichwa ingawa macho yao yote mawili ni mazima.

Glavu ni chache. Mmoja akimaliza anazivua na kumvisha mwenzake, zingali na jasho, na aliyesubiri anarukaruka pembeni ngumi tupu. Wasichana wako wengi kuliko nilivyotarajia, na mmoja wao ana ngumi ya kushoto ambayo nisingependa kukutana nayo.

Baada ya mazoezi ubishi ulikuwa juu ya bondia wetu Martin Bakole. Agosti 2024 alimvunja Jared Anderson kule Los Angeles raundi ya tano, sisi tukapiga kelele mpaka usiku. Halafu Februari 2025, Daniel Dubois alipougua, Bakole akaitwa zikiwa zimebaki siku mbili kupambana na Joseph Parker mjini Riyadh. Akaenda bila maandalizi, mzito kupita kiasi, akaangushwa raundi ya pili. Je, angekataa?

Kijana mrefu, ambaye kwao ni Kibumba na hupakia shu siku za wiki, alisema Bakole alikosea, bondia hapandi ulingoni bila kambi. Mwenzake akasema pesa ya Riyadh haikataliwi, na wewe ungeenda hata kwa miguu. Kocha akasema mtu aliyejengwa kwa miaka kumi habomolewi kwa usiku mmoja, ila yeye kamwe asingemruhusu. Nikatia langu: Bakole alionyesha moyo.

"Moyo gani, papa?" akasema yule mrefu. "Yeye walimpigia simu, akapewa siku mbili afikiri. Sisi 2022 nani alitupigia?"

Wakacheka, kisha wakarudi kwa Parker, kama ile ngumi ilimpata Bakole juu ya kichwa au nyuma ya sikio, na mmoja akatoa simu ili waitazame tena.