Kusamehe Si Kunyamaza: Kwa Muuguzi Anayeacha Kazi

Katika jumuiya zetu kuna shauri linalotolewa kwa sauti ya upole, nalo hudhuru kuliko tusi. Muuguzi kijana anatueleza kwamba msimamizi wake amekataa kuipokea barua yake ya kuacha kazi, kwamba mshahara wake umezuiliwa, kwamba diploma yake imefungiwa katika kabati la ofisi. Nasi twamjibu: «Vumilia, dada, mwachie Mungu.» Shauri hilo lafanana na imani, lakini ni uvivu uliovikwa kanzu.

Hapa Makiso, katikati ya Kisangani, penye hospitali, kliniki na zahanati za kila aina, wengi wenu mnasomea uuguzi au tayari mmevaa koti jeupe. Basi tuseme wazi.

Kwanza, kuacha kazi si kuomba ruhusa. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamwachia mfanyakazi mwenye mkataba usio na muda maalumu haki ya kuondoka, mradi atoe taarifa kabla. Mwajiri anayemwachisha mtu hutoa taarifa ya siku za kazi zisizopungua 14, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi; mfanyakazi anayeondoka mwenyewe hutoa nusu ya muda huo. Aliyetumika miaka 4 mizima angepewa siku 42. Yeye, basi, atoe 21. Mikataba ya ngazi za juu yaweza kuwa na muda mwingine, na mtumishi wa Serikali ana sheria yake. Kila mmoja asome karatasi aliyoitia sahihi.

Pili, mkataba ukiisha, kwa sababu yoyote ile, mwajiri analazimika ndani ya siku 2 za kazi kulipa mshahara uliobaki na kutoa cheti cha kazi. Cheti hicho hutaja aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba ya mfanyakazi katika hifadhi ya jamii. Neno lingine haliruhusiwi kuongezwa. Msimamizi anayetishia kuandika «mkaidi» juu ya cheti anatishia kuvunja sheria. Na dawa ya deni ni kulipa, wala si kuombewa.

Wapo watakaotujibu kwa mfano wa Mwenye Heri Isidore Bakanja. Haya, tumwangalie vizuri. Kijana huyo alikuwa mfanyakazi chini ya meneja mdhalimu katika shamba la kampuni huko Ikili. Aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akakataliwa. Mwaka 1909 alipigwa kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari, kwa sababu ya skapulari yake na sala zake. Mkaguzi wa kampuni alipokaribia kufika, meneja aliamuru majeruhi aondolewe, asionekane. Bakanja alifanya nini? Alijificha porini, kisha akajikokota hadi mbele ya mkaguzi, akamwonyesha mgongo wake uliooza. Kabla ya kufa, mwezi Agosti 1909, alimsamehe meneja na kuahidi kumwombea. Mambo hayo mawili aliyafanya mtu mmoja. Sisi tumehubiri la pili na kulificha la kwanza, kana kwamba msamaha wake ulikuwa ukimya. Haukuwa ukimya.

Lakini nisieleweke vibaya. Yuko pia muuguzi anayelipiza kwa kutoweka usiku wa zamu, akiwaacha wagonjwa bila mtu. Huyo hakumwadhibu msimamizi. Amemwadhibu mama aliyelala na mrija wa dawa mkononi, ambaye hakumkosea mtu. Fanya zamu zako mpaka siku ya mwisho. Kabidhi dawa, funguo na daftari mbele ya mwenzako, nanyi mtie sahihi wote wawili. Hivyo hutawadhulumu wagonjwa, wala hutampa msimamizi kisingizio.

Barua yako iandike nakala mbili, bila matusi, na moja irudi kwako ikiwa na tarehe na muhuri. Wakikataa kuipokea, ipeleke pamoja na shahidi. Zungumza kwanza na msimamizi, kisha na mjumbe wa wafanyakazi kama yupo. Wakiziba masikio, nenda kwa Mkaguzi wa Kazi: sheria inataka ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri upitie kwake kwa upatanisho kabla ya kufika Mahakama ya Kazi. Kwenda huko si uchochezi. Ni kutafuta amani kwa njia iliyowekwa.

Mtu atasema: «Kisangani ni ndogo, wakubwa wanajuana, atafungiwa milango.» Hofu hiyo ina msingi, nami siidharau. Lakini milango hufungwa kwa urahisi zaidi mbele ya mtu aliye peke yake. Mwingine atanong'ona: «Kliniki yenyewe ni ya Kanisa, tutaaibisha Kanisa.» Msalaba ukutani haufuti deni la mshahara, wamfanya mdaiwa awe na haraka zaidi ya kulipa. Aibu ni ya anayezuia cheti, si ya anayekidai.

Kwa hiyo, siku dada au kaka wa kikundi chenu atakapoleta habari kama hii, msimpe methali na kumwaga. Someni mkataba pamoja naye. Mmoja amsaidie kuandika barua, mwingine amsindikize awe shahidi wake. Kisha salini naye, mkimtaja hata msimamizi kwa jina, bila chuki. Sala ya namna hiyo haitakuwa na haya mbele ya Bakanja.