Mimbari Nayo Iwe na Kikomo

Mageuzi tuliyoyapigania katika nchi hii yalipata sauti yake mapema mimbarini. Mwaka 1986 wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa waliukataa upigaji kura wa mlolongo. Mtindo huo ulipotumiwa mwaka 1988, na aliyetajwa kupata zaidi ya asilimia 70 ya foleni akatangazwa mbunge bila kura ya siri, Maaskofu Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge hawakunyamaza. Siku ya Mwaka Mpya wa 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri kwamba tawala zilizoanguka Ulaya Mashariki zilikuwa funzo kwa Afrika. Desemba 1991 Kifungu cha 2A cha Katiba kikafutwa, na baadaye Rais naye akawa na kikomo cha mihula miwili.

Swali letu kwa ndugu waumini ni hili: je, tuliyoyadai Ikulu tunayatenda parokiani? Wahenga walisema mganga hajigangi. Tunazo sharika ambazo mchungaji kiongozi hana siku ya kuondoka, wala mrithi wake hajadiliwi, na atakayethubutu kuuliza huitwa mwasi. Siku mchungaji huyo akizeeka au akifariki, washirika hugawanyika makundi mawili. Kila kundi huja na kufuli lake langoni, na hatima ya kundi la Mungu huachiwa hakimu na askari.

Hatusemi kwamba makanisa yote yako hivyo. Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki humchagua modereta wake kwa miaka 3, naye anaweza kurudishwa mara moja tu. Katika Kanisa la Anglikana, Askofu Mkuu Gitari alistaafu Septemba 2002 alipotimiza miaka 65, na Benjamin Nzimbi akachukua fimbo ya uchungaji. Miezi mitatu baadaye, Desemba 2002, Rais Moi naye aliondoka madarakani. Wote wawili waliondoka kwa sababu sheria iliyoandikwa ilisema muda umekwisha.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuandika. Katiba ya ushirika itaje umri au muhula, itaje nani humteua au kumchagua mrithi, na nani hushika nafasi kwa muda, kwa miezi mingapi. Haya yaandikwe wakati mchungaji angali na afya na hakuna mgombea anayejulikana, kwani sheria inayotungwa wakati wa ugomvi humtumikia mmoja wa wagombanao. Askofu Muge aliaga dunia katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990, akiwa bado na kazi nyingi mbele yake. Hakuna ushirika uliopewa hati ya kuthibitisha kwamba mchungaji wake ataishi hadi siku ya kustaafu.

Jambo la pili ni makabidhiano ya wazi. Hatimiliki ya kiwanja, vitabu vya benki, daftari za ubatizo na ndoa, madeni na muhuri vikabidhiwe mbele ya wazee na wadhamini, kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Hatimiliki iwe kwa jina la wadhamini wa kanisa. Kiwanja kilichonunuliwa kwa sadaka ya akina mama wauzao mboga hakiwezi kuwa urithi wa mke au mwana wa mchungaji.

Jambo la tatu husahauliwa na wengi wetu tunaopaza sauti. Mchungaji anayeng'ang'ania mimbari mara nyingi haogopi kupoteza heshima, anaogopa njaa. Ameishi katika nyumba ya kanisa miaka 30, hana shamba wala pensheni, na siku ya kustaafu atapewa kuku, blanketi na wimbo. Ushirika usiomwekea mtumishi wake akiba kila mwezi hauna haki ya kushangaa akikataa kuondoka. Haki hii na idaiwe pamoja na ile ya kikomo.

Naye anayeondoka amwachie nafasi anayeingia. Musa alimwekea Yoshua mikono mbele ya mkutano wote, ili watu wamtii kiongozi mpya. Mstaafu asirudi kuendesha harusi na mazishi bila kualikwa, wala asipokee nyumbani kwake wajumbe wa manung'uniko. Nasi washirika tusimpime mgeni kwa kabila lake, wala tusimdai awe nakala ya aliyemtangulia.

Cheo ni dhamana, serikalini na kanisani pia. Kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, kila msomaji wetu awaombe wazee wake waisome katiba ya ushirika mbele ya washirika wote. Kama haina kifungu kuhusu mabadiliko ya uchungaji, hoja ya kukiandika na itolewe siku hiyo hiyo, kwa upole na kwa kura ya siri.