Waajiri Waandike Mikataba

Msimu wa korosho unapowadia Nachingwea na Ruangwa, maghala hufunguliwa na vibarua wengi huajiriwa kwa neno la mdomo. Mzozo ukizuka, tajiri hulalamika kwamba ameonewa anapoitwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hatukubaliani naye.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi: kazi yenyewe, saa, ujira na muda wake. Asipoweza kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha ni wake, si wa kibarua. Katika kuachisha kazi pia, ni juu yake kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu ya haki na kwamba alifuata utaratibu. Wengi sababu wanayo, mathalani mlinzi aliyelala zamuni. Lakini humfukuza mtu saa ile ile, mlangoni, bila kumsikiliza. Hapo ndipo kesi hupotea.

Karatasi moja na kikao kimoja havimgharimu tajiri kama safari za kwenda Lindi kujitetea. Mfanyakazi naye anazo siku 30 tu za kufikisha lalamiko la kuachishwa kazi. Maofisa wa kazi hawana budi kuyatangaza hayo vijijini kabla maghala hayajafunguliwa.