Vigae vya Uchina na Watoto wa Dagahaley

Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua Taasisi ya Confucius mwaka 2005, ya kwanza katika bara la Afrika, na hasa tangu wakuu wa mitaala walipotangaza mwaka 2019 nia ya kufundisha Kichina katika shule za msingi, suala la kuwajulisha watoto wetu mila na ustaarabu wa Mashariki ya Mbali limetoka katika baraza za wanazuoni likaingia madarasani. Makumbusho nayo yana fungu lake katika kazi hii, kwa kuwa mtoto hukikumbuka alichokishika mkononi kuliko alichosimuliwa. Swali ninalotaka kulipima ni hili: mtoto wa Dagahaley, aliyezaliwa katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea waliokimbia vita vya Somalia, na ambaye hawezi kutoka Dadaab pasipo hati ya ruhusa, afundishwe nini juu ya Uchina na Japani, na nani amfikishie mafundisho hayo?

Wako wasemao kwamba swali lenyewe ni anasa. Posho ya chakula imepunguzwa mara kwa mara, madarasa yamefurika, na walimu wengi ni wakimbizi wenzao wanaolipwa ujira mdogo. Iweje basi tuzungumze habari za mabakuli ya kale? Hoja hii naiheshimu, kwani wanaoitoa aghalabu ni watu waliokesha na watoto hao. Walakini siwezi kuikubali. Mtoto anayenyimwa elimu ya dunia kwa sababu ana njaa hunyimwa mara mbili, na hao wanaompangia maisha huzoea kumhesabu kwa kilo za unga, wakasahau kuwa ana akili inayotaka kujua yeye ni nani na watu wake walijuana na nani.

Na watu wake walijuana na wengi. Duan Chengshi, mwanazuoni wa Uchina aliyefariki mwaka 863, aliandika juu ya nchi aliyoiita Bobali, ambayo wataalamu wengi huitambua kuwa ni pwani ya Wasomali, akasema wenyeji wake hawali nafaka bali nyama, na kwamba huwatoboa ng'ombe mshipa wakachanganya damu na maziwa wakanywa. Akataja pia pembe za ndovu na ambari. Mtoto wa Dagahaley atokaye chuoni kusoma Kurani atapinga papo hapo kwamba damu ni haramu, na mwalimu mwenye busara atauacha ubishi huo uendelee, kwa maana Duan hakufika huko kwa miguu yake. Alikusanya habari za kusikia, na mtoto anayeuliza habari hizo zilipitia vinywa vya nani amekwisha kuanza kazi ya mwanahistoria. Karne nyingi baadaye Fei Xin, askari wa misafara ya baharini ya jemadari Zheng He wa Uchina, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1436, alieleza habari za Mogadishu, za Barawa, na za mahali alipopaita Zhubu, panapodhaniwa kuwa upande wa mto Jubba; akataja miaka isiyo na mvua, visima virefu, na maji yanayotekwa kwa viriba vya ngozi ya kondoo. Kuna mabibi Dagahaley waliotoka Jubba hiyohiyo wakati wa ukame wa mwaka 2011, nao hawahitaji mfasiri wa kuwaeleza maana ya kisima kirefu. Na twiga, ambaye mjumbe wa Malindi alimfikisha katika baraza la mfalme wa Uchina mwaka 1415, wakamstaajabia kama mnyama wa baraka aliyemo katika visa vyao, ni mnyama ambaye watoto wa Garissa humwona akila majani ya migunga.

Ushahidi wa mkononi upo pia. Mwaka 1948 James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gede, vikatoka vigae vingi vya kauri ya Kichina. Na Fort Jesus ya Mombasa, iliyogeuzwa makumbusho mwaka 1960 chini ya ulezi wake, imehifadhi vyombo vya namna hiyo, pamoja na vile vilivyotolewa baharini katika jahazi la Wareno lililozama chini ya ngome mwaka 1697. Huko Mambrui mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika kaburi la nguzo, na mwaka 2010 wataalamu wa Kenya na wa Uchina walifukua hapo sarafu ya zama za mfalme Yongle.

Hapa ndipo panapohitaji hadhari. Atoaye fedha za maonyesho hupenda kusimulia kisa kinachomtukuza, na kisa cha Zheng He, Mwislamu kwa nasaba, mtoto wa haji wa Yunnan, husimuliwa siku hizi kana kwamba alikuwa mjumbe wa amani tupu. Insafu inataka yasemwe na mengine: kwamba merikebu zake zilibeba maelfu ya askari, na kwamba vyombo vya Kichina vilikuwa vimekwisha kufika Manda na Shanga katika pwani yetu karne kadhaa kabla yake, vikipitia mikononi mwa mabaharia wa Uajemi, Uarabuni na Uhindi. Mtoto akifahamu haya ataona kwamba wahenga wake walikuwa wafanyabiashara walionunua kwa ambari na pembe, wala hawakungoja hidaya.

Japani isichanganywe humo. Chumba kimoja chenye taa za karatasi na vipepeo vya mkono, kilichoandikwa Mashariki ya Mbali, hakimfunzi mtoto lolote ila kwamba watu wa mbali wote ni sawa, ilhali Uchina na Japani ni mataifa mawili yaliyopigana vita vya kutisha tangu 1937 hadi 1945. Jina la Kijapani lililo karibu zaidi na Dagahaley ni la Sadako Ogata, Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Wakimbizi tangu 1991 hadi 2000, yaani katika miaka ileile kambi za Dadaab zilipojengwa na kujaa. Ningependa somo la Japani lianzie kwake: nchi gani ilimlea mwanamke huyu, na nchi hiyo ilijijenga vipi baada ya miji yake kuteketea? Swali la pili lina uzito mkubwa kwa mtoto ambaye wazee wake wanangoja kuijenga upya Kismayo.

Makumbusho ya Watoto ya Boston yana nyumba nzima ya mfanyabiashara wa hariri, iliyotolewa na mji wa Kyoto mwaka 1979, na watoto wa huko hujifunza kwanza kuvua viatu mlangoni. Mtoto wa Dagahaley hafundishwi hilo. Amelijua tangu siku ya kwanza msikitini. Kwa hiyo mafundisho yake hayawezi kunakiliwa kutoka Boston, yatungwe hapa, yaanze na alichokwisha kukijua.

Maadamu yeye hawezi kwenda Mombasa, makumbusho ndiyo yamwendee. Njia imekwisha kupasuliwa: tangu mwaka 1996 maktaba ya taifa imewapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, ndani ya makasha. Kasha jingine liongezwe, lenye vigae halisi visivyo na thamani ya sokoni, nakala ya ile sarafu ya Mambrui, ramani ya pepo za kaskazi na kusi, na maneno ya Duan na Fei Xin yaliyofasiriwa kwa Kisomali na Kiswahili. Wafundishaji wawe walimu wa kambi wenyewe, waalikwe Fort Jesus kwa muda kujifunza kazi hiyo, wapewe hati zao za kusafiri bila kuzungushwa, na walipwe ujira wa mwalimu wa makumbusho. Gharama ibebwe na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pamoja na serikali ya kaunti. Ubalozi wowote utakaotaka kuchangia uchangie, ila maneno yatakayoandikwa ndani ya kasha yaamuliwe Mombasa na Dagahaley.