Bure Sio Huru, na Proxmox Sio ya Waliosota

Kuna sentensi moja nimeichoka kabisa. "Proxmox ni poa, lakini hiyo ni ya kuchezea nyumbani." Inasemwa na watu wenye vyeti ukutani, inarudiwa na wanafunzi ambao hawajawahi kuiwasha hata siku moja, halafu inaishia kwa vidio za wenzangu wanaouza kozi. Leo tuivunje hiyo sentensi, juu inakula pesa ya watu wa rika letu na inawafungia kwa nyumba ambayo ufunguo uko na mtu mwingine.

Kwa wale mnaojiuliza tunaongea lugha gani: haipavaiza ni programu inayogawa kompyuta moja iwe kompyuta nyingi. Fikiria ploti ya Githurai. Jengo ni moja, lakini kila mpangaji ako na mlango wake, kufuli yake na fujo zake. Haipavaiza ndio keretaka. Inampa huyu RAM kiasi hiki, yule nafasi ya diski kiasi kile, na mmoja akivunja sinki lake, jirani anaendelea kupika chapo. Kila mpangaji huyo tunamwita mashine pepe. Ndio maana ofisi yenye programu ishirini haihitaji kununua sava ishirini.

Keretaka mkubwa wa maofisini kwa miaka mingi amekuwa ESXi ya VMware. Sitadanganya, kazi yake ni safi. Shida ilikuja na landlord mpya. Tarehe 22 Novemba 2023 Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, dili ya karibu dola bilioni 69. Desemba hiyo hiyo, leseni za kununua mara moja zikafutwa; ukitaka, lipa usajili, na uendelee kulipa. Februari 2024 wakatoa ESXi ya bure sokoni, ile ambayo wanafunzi kibao duniani walikuwa wanajifunzia. Aprili 2025 ikarudi, imetajwa tu ndani ya maelezo ya toleo jipya kama mtu anarudisha sufuria ya jirani usiku.

Na sio watu wadogo tu waliolia. AT&T, kampuni ya simu ya Marekani yenye mawakili kuliko wanafunzi wa shule yenu, iliishtaki Broadcom mwaka 2024. Kwenye nyaraka za kesi ilidai kwamba bei iliyopendekezewa ilikuwa imepanda kwa asilimia 1,050. Wakaelewana nje ya korti mwaka huo huo. Sasa jiulize: kama AT&T inaweza kuamka ikute kodi imepandishwa hivyo, wewe na biashara ya cousin yako yenye sava moja mtaongea na nani?

Hapa ndipo Kiswahili kinashinda Kiingereza. Wao wako na neno moja, "free", na limewachanganya miaka yote hadi wanalazimika kuandika insha kulifafanua. Sisi tuko na mawili. Bure ni kitu hulipii. Huru ni kitu hakuna mtu anaweza kukunyang'anya. ESXi ilikuwa bure. Haikuwahi kuwa huru. Ndio maana ilipotolewa hakukuwa na la kufanya ila kulalamika Reddit.

Cheki sasa kinachotokea kitu kikiwa huru. Xen ni haipavaiza iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na Citrix ikanunua kampuni yake mwaka 2007. Baadaye Citrix ikawa inatoa XenServer, na mwisho wa 2017, kwenye toleo la 7.3, ikakata vitu kadhaa muhimu kwenye toleo lisilolipiwa. Mchezo ni ule ule wa landlord. Lakini kodi chanzi, yaani yale maandishi yenyewe ya programu, ilikuwa huru. Kwa hivyo Mfaransa mmoja, Olivier Lambert, akachangisha pesa Kickstarter, na kufikia Machi 2018 XCP-ng ilikuwa imetoka na vile vitu vilivyokatwa vimerudi. Hakuomba ruhusa ya mtu. Landlord alifunga choo, wapangaji wakajenga kingine kwa sababu ramani ya jengo ilikuwa yao pia.

Proxmox iko kwenye familia hiyo. Inatengenezwa Vienna, Austria, toleo la kwanza lilitoka 2008, na leseni yake ni AGPL. Ndani yake kuna KVM, ambayo iliingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2007. Na hakuna kitu kimefichwa nyuma ya malipo. Anayelipa anapata masasisho yaliyopimwa zaidi na watu wa kumsaidia, lakini vitufe ni vile vile kwa wote.

"Sawa, ni huru, lakini haina nguvu." Hii ndio ilikuwa hoja ya maana, na miaka miwili mitatu iliyopita ilikuwa na ukweli. Sasa imeanza kuisha makali, na nitawaonyesha wapi.

Kitu cha kwanza kilichokuwa kinashika watu ni kuhama. Ukiwa na mashine pepe thelathini kwa ESXi, ulikuwa unatoa moja moja, unanakili faili kubwa, unazigeuza aina ya diski kwa komandi, unaandika mipangilio upya, unaomba Mungu iwake. Toleo la 8.2, Aprili 2024, lilikuja na njia mpya: unaiambia Proxmox anwani ya ile sava ya ESXi na nenosiri, mashine zote zinatokea kwenye skrini, unazima unayotaka kuhamisha, unabonyeza leta. Kuna hadi chaguo la kuiwasha upande mpya huku data yake bado inamiminika. Manze, angalia tarehe tena. Miezi mitano tu baada ya Broadcom kuchukua funguo, mlango wa kutokea ulikuwa umeshachongwa.

Toleo hilo hilo lilileta kitu ambacho sijaona mtu akikiongelea huku kwetu, na kinatuhusu sana. Ukifanya bakapu ya mashine inayoendelea kufanya kazi, kuna tatizo: mashine ikitaka kuandika juu ya sehemu ambayo haijanakiliwa bado, inabidi isubiri ile data ya zamani itumwe kwanza kwa sava ya bakapu. Kama sava ya bakapu iko mbali na laini yako ni ya kubembelezwa, hiyo kusubiri inageuka kuwa kuganda. Mtu wa dukani anaona mfumo wa mauzo umekwama saa kumi na moja jioni, foleni iko hadi mlangoni, na hajui ni bakapu. Sasa Proxmox inaweza kuiweka data ya zamani kando kwa diski ya haraka iliyo hapo hapo, mashine inaandika bila kungoja, na ile ya kando inatumwa polepole. Unaona mtu wa Vienna mwenye intaneti nzuri ndiye ametatua shida ya duka la jumla la Thika, na pengine hajui.

Halafu Agosti 2025 ikaja 9.0. Ofisi kubwa hazihifadhi data kwa diski za ndani. Ziko na kabati moja la diski ambalo sava zote zinashirikiana. Wengi walinunua makabati hayo wakiwa VMware, kwa pesa mingi. Wakijaribu kuhamia Proxmox walikuwa wanapoteza snapshoti, ile picha ya mashine unayopiga kabla ya kufanya sasisho la hatari ili mambo yakienda mrama urudi nyuma. 9.0 imezileta kwa makabati hayo. Bado imewekwa alama ya majaribio, kwa hivyo usiende kuiwashia hospitali kesho, lakini ile "haiwezekani" imeisha. Pia unaweza sasa kuiambia klasta kwamba mashine hizi mbili zisikae kamwe kwa sava moja. Kama uko na hifadhidata na pacha wake, haina maana wote wawili walale kitanda kimoja kisha kitanda kivunjike.

Wacha nikubali yale yake pia, juu sio lazima nimbebe mtu mgongoni. Hiyo 9.0 haina kitu kama DRS ya VMware, inayohamisha mashine yenyewe kila mzigo ukizidi upande mmoja. Msaada wa kulipia kutoka Proxmox wenyewe unafuata saa za kazi za Austria. Mfumo ukianguka Jumamosi usiku, ni wewe na fundi wako. Na hiyo imani kwamba programu huria haina mashimo ni hadithi. Mwaka 2015 lilipatikana shimo kwa QEMU, sehemu inayofanya kazi na KVM, kwenye kodi ya kuiga floppy. Floppy! Lilikuwa limelala hapo tangu 2004. Macho mengi hayasaidii kama hakuna anayeangalia. Lakini msiniambie kulipia ndio dawa, maana Februari 2023 wahalifu walifunga maelfu ya sava za ESXi wakitumia shimo ambalo kiraka chake kilikuwa kimetoka 2021. Watu hawakuwa wamesasisha tu.

Sasa turudi kwa wauzaji wa kozi, juu hao ndio nina shida nao. Wanawaambia: achana na sava, jifunze wingu, chukua cheti cha AWS, utajenga maisha. Hawawaambii wingu limesimama juu ya nini. EC2, huduma ya kukodisha mashine pepe iliyofanya Amazon iwe jitu la wingu, ilijengwa na timu iliyokuwa Cape Town. Ndio, Cape Town hii ya Afrika Kusini. Ikafunguliwa kwa majaribio Agosti 2006 juu ya Xen. Mwaka 2017 wakaanza kuhamia mfumo wao wa Nitro, ambao msingi wake ni KVM. Google nao wingu lao liko juu ya KVM. KVM ile ile iliyo ndani ya Proxmox, ile ile "ya kuchezea nyumbani."

Kwa hivyo unalipa kwa dola, na kadi ambayo ulibidi uombe mtu, ujifunze kubonyeza vitufe juu ya kitu ambacho ungeweza kukifungua na kukiangalia tumbo kejani kwako. Sisemi usijue wingu. Ajira ziko huko. Nasema anayejua tu vitufe ni mpangaji. Kampuni ikibadilisha vitufe, ama bei, ama mtihani, ujuzi wako unaisha thamani na hukuulizwa. Kwa miaka mingi, kupata cheti cha VCP cha VMware kulihitaji ulipie kozi rasmi. Waliofanya hivyo kwa jasho wanaona leo waajiri wao wakitafuta njia ya kutoka.

Na vyuo navyo, aki. Mimi nilifundishwa somo hili lote kwa slaidi. Muhula mzima wa mishale na maboksi, maabara iko na kompyuta thelathini zinafanya kazi ya Word. Kompyuta hizo zingetosha klasta kumi.

Unahitaji nini? Kompyuta ya ex-UK yenye Core i5, hizo za mjini zilizorundikwa hadi kwa mlango, mradi prosesa ina VT-x na umeiwasha kwa BIOS. RAM ya gigabaiti 8 inaanza, 16 inakaa poa. Kama RAM ni kidogo usichague ZFS wakati wa kuweka, itaimeza, chagua ext4. Tumia kontena za LXC badala ya mashine nzima pale unapoweza, kontena moja ya Debian inaridhika na megabaiti mia chache. Weka alama ya kuwaka zenyewe, ili stima ikirudi usilazimike kuwa nyumbani. Huna kompyuta ya pili? Iweke ndani ya VirtualBox kwa laptop yako, itafanya kazi, polepole lakini itafanya.

Ukipata mbili ukaziunganisha, kuna siku moja itazima na ile nyingine itakataa kuwasha chochote, na utadhani umeharibu. Hujaharibu. Klasta inapiga kura, na kura moja kwa mbili sio wengi. Inaogopa kwamba labda mwenzake hajafa, wamekatana tu mawasiliano, na wote wawili wakiwasha mashine moja wataivuruga data. Tafuta kura ya tatu, hata Raspberry Pi inatosha. Hilo somo moja, ukiliishi, linakueleza wingu lote linavyofikiri kuliko slaidi mia.

Na kila ukiingia itakutolea kisanduku kinachosema huna usajili halali. Bonyeza OK, uendelee na kazi.